Mgomo wa Kuvuka Barabara

Kama uliwahi kupita kwenye njia panda ile yenye vituo viwili vya mafuta vinavyotazamana, kimoja kimepakwa manjano na kingine buluu, basi Bi Jaza ulimwona, utake usitake. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, ovaroli yake ya manjano imefifia kwa kufuliwa, kitambaa cha kufutia vioo kikining'inia mfuko wa nyuma. Jina hilo alibandikwa na waendesha pikipiki. Kila aliyesimama mbele ya pampu yake, awe tajiri wa gari kubwa au kijana aliyebakiwa na sarafu za kuungaunga, aliulizwa swali lile lile: "Nijaze?" Wenye pikipiki walikuwa hawana mbavu. "Jaza dada, ila bili mpelekee mama mkwe!" walimwambia, naye akawasonya huku anacheka, akawatilia kile kidogo walichoweza.

Kazi ile ilikuja na chumba. Shika hilo, maana bila chumba pasingekuwa na habari ya kusimulia. Nyuma ya kituo, ukipita choo cha wateja na rundo la matairi mabovu, palikuwa na chumba kimoja cha matofali kilichojengwa kwa ajili ya mlinzi. Mlinzi alipoacha kazi, mwenye kituo akampa Bi Jaza, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayefungua asubuhi na kufunga jioni. Akahamia na mama yake na mdogo wake wa kiume. Walikuwa wametoka kumzika baba, hawana mbele wala nyuma, na chumba kile kilichonuka petroli mchana kutwa kiliwapokea bila maswali.

Mama alikuwa bado anaona walipohamia. Macho yalimzimika polepole, humo humo ndani, kwa hiyo kiza kilipokamilika alikuwa ameshakijua chumba chote kwa viganja. Mtungi wa maji mkono wa kulia wa mlango. Jiko chini ya dirisha. Msumari wa nguo zake usawa wa bega. Alipika, alifagia, alijipeleka chooni na kurudi, bila fimbo wala kushikwa mkono, na ukimwambia pole anakukaripia: "Pole ya nini? Umeona nimepotea?" Hata saa alizijua kwa mlio wa pampu. Zikilia mfululizo, ni asubuhi, watu wanawahi kazini. Zikitulia, jua liko utosini. Zikianza tena, ni wakati wa kubandika chakula cha jioni. Bi Jaza hakuwa mtu wa kuogopa ovyo, lakini kumtoa mama yake ndani ya chumba kile aliogopa. Siku akitoka humu, alikuwa akijiambia, ndiyo siku atakayokuwa kipofu.

Mdogo wake alikulia hapo. Alioga nyuma ya matairi, alisoma chini ya taa ya kituo kwa sababu ilikuwa kali kuliko ya ndani, na alipotaka pikipiki dada yake ndiye aliyesimama kumdhamini. Akatoka kijana mrefu, mkondefu, mwenye ulimi. Si ulimi mbaya, tusimsingizie. Ulimi wa kupanga maneno mpaka watu wakaona aibu kwamba hawakuyafikiria wao. Wenzake wa kijiwe wakamchagua katibu wa chama chao, na toka siku hiyo hata mama yake mzazi akawa anamwita Katibu. Alioa, akapanga upande wa pili wa mji, lakini hakuna jioni aliyopita njia panda asiingie kumwamkia mama na kula kilichokuwepo.

Sasa bei. Mwaka huo bei ya petroli ilipanda, ikapumzika kidogo, ikapanda tena. Na ilipopanda, mtu aliyeonekana akiipandisha alikuwa Bi Jaza. Kibao cha bei kilikuwa juu ya nguzo kando ya barabara, namba zake ni vipande vya bati vinavyotundikwa, na kazi ya kuvibadilisha ilikuwa yake. Anaegemeza ngazi, anapanda na bati kwapani, na waendesha pikipiki walioko chini wanaanza: "Bi Jaza, usishuke peke yako! Shuka nayo!" Mara ya kwanza alicheka mpaka ngazi ikatikisika. Lakini mambo yalivyozidi kukaza hakucheka tena, kwa sababu na wao walikuwa wameacha kucheka. Waliokuwa wakijaza tangi sasa walitia ya kufikia safari moja. Kwenye mteremko walizima injini wakaachia pikipiki iserereke. Abiria wa karibu wakaanza kutembea kwa miguu. Katibu mwenyewe alikula nusu ya sahani, nusu akaifunga kwenye mfuko ampelekee mkewe, na dada yake alijifanya hajaona.

Jioni moja ya siku hizo Katibu alikuwa kwenye stuli yake ya siku zote, mama anamenya viazi, Bi Jaza amevua viatu ananyoosha miguu. Maongezi yalikuwa ya kawaida tu. Katibu akauliza kama lori la mafuta bado linakuja siku ile ile ya katikati ya juma.

"Siku ile ile," alisema Bi Jaza. "Na mimi ndiye wa kuliambia limwage au lisimwage."

Hapo alikuwa anajisifu, na alikuwa na haki ya kujisifu. Kila asubuhi, kabla ya pampu kuwashwa, alifunua mfuniko wa chuma ulioko chini karibu na ukuta wa chumba chao, akapaka chaki kwenye fimbo ndefu yenye alama, akaizamisha ndani ya tangi mpaka igonge chini, akaitoa na kusoma chaki ilipolowa. Wahudumu wengine walikuja na kuondoka. Fimbo haikushikwa na mwingine. Akaeleza, maana mdogo wake alikuwa anasikiliza kwa macho yote. Kwamba tangi lao la petroli ni moja, tena dogo, si kama la wale wa ng'ambo ya barabara wenye matangi makubwa. Kwamba lori halimwagi kidogo kidogo kama mtu anayemimina chai. Chumba cha tangi la lori kikifunguliwa kinamwagwa chote. Kwa hiyo tangi lisipokuwa limeshuka vya kutosha, lori halina pa kumwaga.

"Na likikosa pa kumwaga?"

"Linaondoka na mzigo wake. Na Mzee wa Funguo anakula hasara mpaka anatapika." Mzee wa Funguo ndiye mwenye kituo, alitembea na shada la funguo kiunoni ukamsikia kabla hujamwona. Bi Jaza alicheka. Mama alicheka. Katibu hakucheka, alikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka kitambo.

Siku chache baadaye habari zikatapakaa njia panda nzima: chama cha waendesha pikipiki kimeamua kugoma. Hawatanunua hata tone kwenye kituo cha manjano mpaka bei ishuke. Akianguka wa manjano, wa buluu atatetemeka naye ashushe, na kuanzia hapo mji mzima utajua kwamba mteja ana nguvu. Hayo yalikuwa maneno ya Katibu, yamepangwa vizuri kama kawaida yake, na watu waliyabeba kijiwe hadi kijiwe. Wenye magari wakaunga mkono, akina mama wanaouza sokoni wakaunga mkono. Mgomo ungeanza mwanzoni mwa juma, ili siku ya lori tangi la manjano liwe bado halijashuka vya kutosha.

Bi Jaza alipoisikia hiyo ya tangi, alikaa chini juu ya tairi bovu akashika tama. Hakuhitaji kuambiwa ilitoka mdomo wa nani.

Jioni alimsubiri mdogo wake nje, mama asisikie. "Katibu, mmekosa vituo vyote hivi, mkaona changu?"

"Si chako, dada. Ni cha Mzee wa Funguo."

"Na mimi nalala wapi? Kwa Mzee wa Funguo?"

"Hakuna atakayekugusa. Siku mbili tatu tu, atashusha. Atafanya nini? Lori limerudi, wateja hana. Atashusha, narudi kwako wa kwanza, unijaze."

"Na hizo siku mbili tatu pikipiki zenu zitakunywa nini? Maji?"

"Tutanunua ng'ambo."

"Ng'ambo bei si ile ile?"

"Kwa sasa."

"Basi hamgomi kununua," alisema Bi Jaza. "Mnagoma kukaa upande huu. Huo ni mgomo wa kuvuka barabara, mdogo wangu. Petroli mtakayokunywa ni ile ile na fedha mtakayotoa ni ile ile."

Katibu alijibu bila kupandisha sauti. "Dada, sema ukweli. Unatetea mkate wako."

Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa anatetea mkate wake, na chumba chake, na mtungi wa maji ulioko mkono wa kulia wa mlango. Angeweza kumwambia kwamba mtu anaweza kutetea mkate wake na bado akawa anasema jambo la maana. Lakini maneno ya namna hiyo humjia mtu akiwa peke yake anafua. Pale nje, mbele ya kijana aliyemlea, mwenye njaa ile ile ya wenzake, aliona aibu akanyamaza. Na Katibu akauchukulia ule unyamavu kuwa jibu, akaenda zake.

Mgomo ukaanza, na tuseme haki yao, uliitikiwa. Sijui kama njia panda ile iliwahi kuona umoja wa aina hiyo. Waendesha pikipiki walisimama kandokando ya barabara na kumpungia mkono kila dereva aliyeelekea manjano, na aliyejifanya kiziwi alizomewa mpaka akageuza. Ng'ambo, kwenye buluu, foleni ilijipinda mpaka mbele ya duka la vipuri. Wahudumu wa buluu walikimbia kama watu waliofumaniwa. Upande wa manjano Bi Jaza na mwenzake walisimama kila mmoja na pampu yake, mikono nyuma, wakitazamana. Mwenzake alifuta pampu ambayo haikuwa na vumbi. Kila wakati fulani mzaha ulivuka barabara: "Bi Jaza, nije unijaze upepo?" Lakini waliotania walikwepa macho yake, na hilo alilitambua.

Ndani ya chumba mama alipoteza saa. Mchana alibandika chakula cha jioni kwa sababu pampu hazikulia asubuhi, na jioni aliuliza kama leo watu wote wamesafiri.

"Biashara imelala kidogo, mama."

"Pampu zimelala, au na nyie mmelala?"

Asubuhi ya lori Bi Jaza alifunua mfuniko, akapaka chaki, akazamisha fimbo. Chaki ililowa juu ya alama ya kupokea lori, karibu pale pale ilipolowa mwanzo wa juma. Aliitazama akatamani iwe inadanganya. Lori likaja, likaegesha, likazima. Dereva wake alikuwa mtu wa makamo anayetafuna njiti ya kiberiti, wamefahamiana miaka. Akashuka na kusimama kusubiri neno lake kama alivyozoea. Na huku nyuma funguo zikalia, Mzee wa Funguo huyo.

"Kuna nafasi?" aliuliza Mzee.

"Haipo."

"Pima tena."

Akapima tena mbele yake. Mzee akamnyang'anya fimbo akapima mwenyewe, akapaka chaki vibaya, akafuta, akapaka upya. Fimbo ikasema vile vile. Barabarani waendesha pikipiki walikuwa wamejipanga, wengine wamepanda juu ya viti vya pikipiki wapate kuona.

Mzee akamvuta pembeni na kushusha sauti. "Nisikilize. Lori hili likiondoka na mzigo, nimekwisha. Mafuta nimeyaagiza, nisipoyapokea gharama ni yangu. Mwambie dereva nafasi ipo. Tutawasha pampu zote wakati anamwaga, tutamiminia kwenye mapipa, itaingia yote. Neno lako ataliamini."

"Itafurika, Mzee."

"Ikifurika, itafurika kidogo."

Bi Jaza aliutazama mfuniko wa chuma, halafu ukuta wa chumba chake, ambao ungeweza kuugusa ukiwa umesimama juu ya mfuniko. Upande wa pili wa ukuta huo, chini ya dirisha, mama yake alikuwa amewasha jiko. Moshi wake ulikuwa unatoka dirishani taratibu. Mtu anaweza kuambiwa achague kati ya kazi na jambo fulani akasita, akapima, akaomba muda. Yeye hakupewa jambo la kusitia. Alimgeukia dereva akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Haina nafasi. Usifungue."

Dereva alitema njiti yake. "Sawa, mama. Mimi kwangu yote ni moja." Akapanda, akawasha.

Lori lilipogeuka kutoka kituoni, kelele zilizopigwa hapo barabarani si za kusimulia. Honi, miluzi, vigelegele vya wanawake wa sokoni. Katibu alibebwa juu juu. Shati lilimtoka kwenye suruali, macho yalimjaa machozi ya furaha, na akiwa huko juu alitafuta uso wa dada yake akanyanyua ngumi, kama kumwambia, umeona? Bi Jaza aliona. Aliona pia jambo ambalo waliombeba hawakulitazama, maana walikuwa wanamtazama yeye. Lori halikwenda mbali. Liliwasha taa ya kuashiria, likavuka barabara, likaanza kurudi nyuma kuingia kituo cha buluu, chenye matangi makubwa ambayo foleni ya siku zote hizo ilikuwa imeyakausha. Mlango wa buluu ni mwembamba, na lori ni refu, basi waendesha pikipiki wawili wakarukia kumsaidia dereva kwa mikono: "Njoo, njoo, kata kushoto, njoo, hapo hapo!" Wakalipigia na makofi lilipoingia bila kugusa nguzo. Petroli iliyokataliwa upande huu ikamwagwa upande ule, na kabla ya mchana waliogoma walikuwa wameshaanza kuinunua.

Bi Jaza alitaka kucheka akashindwa, akataka kulia akaona haya. Akakunja mpira wa pampu akautundika.

Mzee wa Funguo hakumpigia kelele, na hilo ndilo lililomtia baridi. Alisema tu, "Dada wa Katibu," kana kwamba ndiyo kwanza anamjua, akaingia ofisini. Alijua kwamba fimbo haikudanganya. Aliishika kwa mkono wake. Lakini mtu aliyepata hasara anatafuta mtu wa kumlaumu mwenye uso, na fimbo haina uso. Hakukaa sana. Mwenye buluu alivuka barabara siku moja mchana, akakaa naye ofisini, chai ikaingia na kutoka, na walipotoka walikuwa wameshikana mikono. Mzee alimkodishia kituo, tangi, pampu, kibao na yote yaliyomo.

Mwenye buluu akaja na watu wake. Aliambiwa kwamba yuko mhudumu wa siku nyingi, mwaminifu, anayeijua fimbo kuliko wote, na anakaa hapo nyuma na mama yake kipofu. Akauliza kama ndiye yule dada wa kiongozi wa mgomo. Akaambiwa ndiye. "Hapana," alisema. "Huyo hapana. Na karibu na tangi langu asilale."

Mafundi walipaka paa rangi ya buluu. Siku waliyomaliza, kijana mgeni alipanda ngazi ile ile na mabati kwapani. Njia panda sasa ilikuwa na vituo viwili vya mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa na wa kumwogopa ng'ambo ya barabara. Bei iliyotundikwa ilikuwa juu kuliko ile waliyoigomea. Waendesha pikipiki waliitazama kutoka chini. Hakuna aliyemwambia ashuke nayo.

Katibu alikuja kuhamisha vyombo kwa pikipiki yake, kwa kuwa ndiyo usafiri pekee ambao hawakuhitaji kuulipia. Chumba kipya kilikuwa mbali, kwenye ua wa wapangaji wengi, mlango wake unafungukia upande usiozoeleka. Alifunga godoro nyuma ya kiti, akafunga na sufuria juu yake, akawasha. Pikipiki ikakohoa, ikazima. Aliitikisa pikipiki, akafungua mfuniko wa tangi akachungulia, akafunga. Halafu akaikokota, godoro na masufuria na yote, mpaka kwenye pampu iliyokuwa ya dada yake. Mhudumu mpya hakuuliza kama ajaze. Aliuliza, "Ya ngapi?" Katibu akapekua mifuko yote. Bi Jaza alisimama kando na kuku wawili wa mama yake mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani alimchukia mdogo wake. Alimchukia kwa moyo wake wote, huku akimwona shingo ilivyokonda, huku akijua kwamba njaa iliyomsukuma haikuwa ya kuigiza. Aliwashika kuku kwa nguvu mpaka wakalia.

Mama walikuwa wamemwambia wanahama, hawakumwambia sababu. Alipanga nguo zake mwenyewe kwenye kapu, akapapasa msumari kuhakikisha hajaacha kitu, na alipotoka alipita kando ya rundo la matairi bila kuyagusa, kama siku zote. Ilikuwa safari ya mwisho aliyotembea hivyo.

Walipofika, alisimama kwenye mlango wa chumba kipya na kunyoosha mkono wa kulia, taratibu, kwa uhakika, kuelekea kwenye maji. Mkono ukakuta ukuta mtupu. Akaushusha kidogo, akausogeza huku na huku.

"Mtungi uko wapi?"

"Bado haujapata mahali, mama," alisema Bi Jaza.

"Na pampu? Mbona sisikii kitu?"

"Tuko mbali na pampu."

Mama alitega sikio. Ua mzima ulikuwa na sauti asizozijua, mtoto wa jirani analia, redio, mtu anapiga msumari. "Mwanangu," alisema, "miaka yote ile. Wametutoa kwa nini?"

Bi Jaza alikuwa mzoefu wa kujibu kwa niaba ya mdogo wake. Toka utotoni kikombe kilivunjwa na paka, sukari ililiwa na sisimizi, ada ilipotelea njiani. Hata sasa jibu alikuwa nalo tayari mdomoni: biashara mbaya, mama, hali ngumu kila mahali. Lingetosha. Mama asingeuliza tena.

Akakaa juu ya godoro lililokuwa bado na kamba. "Muulize mwanao," alisema.

Katibu alikuwa amesimama katikati ya chumba na jiko mikononi, hajui aliweke wapi. Alifungua mdomo. Yule ambaye mkutano mzima ulinyamaza kumsikiliza, aliyeweza kueleza bei ya petroli mpaka hata asiye na pikipiki akasimama kupiga makofi, alisema, "Mama..." halafu hakikufuata kitu.

"Katibu?" Mama akageuka kuifuata sauti, lakini chumba kile kilirudisha sauti vibaya, akageukia pasipo na mtu. Akapiga hatua. Goti likagonga kitu, akayumba, mikono yote miwili ikapapasa hewani. Hakuanguka. Alisimama hapo hapo, ameinamisha kichwa, akisikiliza, na walipoutazama uso wake, wote wawili waliona hofu ambayo hawakuwahi kuiona humo kwa miaka yote ya kiza.

"Nishikeni mkono," alisema.